Chama cha Kampuni za Teknolojia: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Kampuni za teknolojia za eneo moja zikishaunda chama chao, kila moja huingia na matarajio ambayo hayamo kwenye katiba wala kwenye fomu ya kujiunga. Moja inasubiri wateja, nyingine inasubiri bei moja sokoni, ya tatu imekuja kubadilishana kadi za biashara na kuondoka. Tunaanza na dhana inayoweza kuwafikisha wanachama mahakamani.

"Tuko chama kimoja, kwa hiyo tunaweza kuelewana bei"

Hamwezi. Mkutano wa chama cha biashara ni chumba kilichojaa washindani, na sheria za ushindani zinaujua mkutano huo vizuri sana. Marekani ilipiga marufuku makubaliano ya aina hiyo kwa sheria ya Sherman ya mwaka 1890. Kifungu cha 101 cha Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya kinataja hata maamuzi ya vyama vya kampuni, kwa hiyo kusema "hatukukubaliana sisi, chama ndicho kilichoamua" hakusaidii.

Kisingizio cha ubora nacho kimeshajaribiwa. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa orodha ya ada za chini iliyowabana mawakili wa Virginia. Mwaka 1978 ikaikataa kanuni ya maadili ya chama cha wahandisi iliyowazuia wanachama kushindana kwa bei. Wahandisi walidai kuwa bei ikishuka, usalama wa majengo nao utashuka. Mahakama haikuwasikiliza. Anayependekeza "bei elekezi" ya saa moja ya mtaalamu wa programu anapita njia ileile, hata akiiita mwongozo.

Vivyo hivyo kwa kuahidiana kutonyang'anyana wafanyakazi. Mwaka 2010 Adobe, Apple, Google, Intel, Intuit na Pixar zilifikia makubaliano na Wizara ya Sheria ya Marekani ya kuacha mapatano ya kutowapigia simu wafanyakazi wa wenzao. Wafanyakazi nao walifungua kesi yao, na mwaka 2015 nne kati ya kampuni hizo zilikubali kulipa dola milioni 415.

Kinga ya kila siku si ngumu. Ajenda itumwe mapema, na kikao kisitoke nje yake. Mwenyekiti awe na ruhusa ya kukata mazungumzo katikati ya sentensi. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe na mtu wa sekretarieti, si mwanachama. Mtu akianza kutaja bei zake, anayetaka kujisalimisha aseme kwamba hakubali, atoke, na muda aliotoka uandikwe. Kwa sheria ya Ulaya, aliyebaki kimya mezani anaweza kuhesabiwa kuwa ameshiriki, hata kama baadaye hakufuata kilichosemwa. Na mazungumzo ya wakati wa chai yanahesabiwa pia. Huko ndiko mengi huharibikia.

"Basi hata utafiti wa mishahara hauruhusiwi"

Hapa watu huruka kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Utafiti wa mishahara ni miongoni mwa huduma zenye thamani kubwa ambazo chama kinaweza kutoa, kwa sababu kampuni ya watu 15 haina namna nyingine ya kujua mhandisi wa data analipwa kiasi gani. Tatizo liko kwenye namna ya kuufanya.

Kosa la kwanza, na ndilo baya kuliko yote, ni jedwali la pamoja mtandaoni ambalo kila mwanachama anajaza mstari wake huku akiuona wa mwenzake. Huo si utafiti tena. Ni washindani wanaooneshana mishahara.

Mwaka 1996 mamlaka za ushindani za Marekani zilitoa mwongozo kwa sekta ya afya ambao sekta nyingine nyingi ziliuiga: data ikusanywe na mtu wa tatu, iwe na umri wa zaidi ya miezi mitatu, kila takwimu itokane na watoa taarifa wasiopungua watano, na asiwepo hata mmoja anayezidi asilimia 25 ya uzito wa takwimu hiyo. Mwongozo huo uliondolewa mwaka 2023, kwa hiyo kuufuata peke yake hakukupi tena kinga. Lakini mantiki yake bado ni nzuri, na ukiiangalia kwa karibu utaona kwa nini.

Tuseme kampuni nne zimejibu swali la mhandisi wa data. Moja ina wahandisi 30, nyingine zina 5, 3 na 2. Jumla ni 40, na ile kubwa peke yake ni asilimia 75. "Wastani wa soko" utakaochapisha ni mshahara wa kampuni hiyo uliovaa kofia, na kila aliyeko ukumbini anajua ni ya nani.

Mtego wa pili ni wa hesabu ya kutoa. Ripoti ya kwanza ilikuwa na kampuni tano, wastani wa kampuni ukiwa 100. Miezi michache baadaye kampuni ya sita inajiunga na wastani unakuwa 104. Mara sita 104 ni 624, ukitoa 500 unabaki na 124. Mgeni ameshavuliwa nguo hadharani, maana wenzake hawajabadilisha mishahara. Kwa hiyo ukiongeza mshiriki mmoja tu, usichapishe takwimu hiyo upya. Subiri mzunguko unaofuata, mishahara ya wote ikiwa imebadilika. Chapisha thamani ya katikati (jibu linaloangukia katikati ukiyapanga yote kwa ukubwa) badala ya wastani, andika namba za kukadiria badala ya kamili, na palipo na majibu machache acha nafasi tupu. Watalalamika. Waache walalamike.

Halafu kuna vyeo. "Mhandisi mwandamizi" wa kampuni ya watu wanane anaweza kuwa na miaka miwili kazini, na wa kampuni ya watu 300 akawa na kumi. Usiulize cheo. Uliza miaka ya kazi, idadi ya watu anaowasimamia, na kama yeye ndiye anayeamshwa usiku mfumo ukianguka. Hilo la mwisho hutenganisha ngazi vizuri kuliko cheti chochote.

"Ada sawa kwa wote ndiyo haki"

Hesabu hukataa. Chukua chama chenye wanachama 120: kampuni kubwa 6, za kati 24, ndogo 90. Tuseme ndogo inalipa kipimo 1, ya kati 4, kubwa 20. Unapata 90, 96 na 120, jumla 306. Ukitaka kukusanya kiasi hichohicho kwa ada sawa, kila mmoja atalipa 2.55: ada ya kampuni ndogo inapanda zaidi ya mara mbili na nusu, na ya kampuni kubwa inashuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Wadogo wataondoka, na wakubwa, ambao hawakuwa wamelalamika, watashangaa.

Lakini angalia upande wa pili wa hesabu ileile. Kampuni 6 zinaleta asilimia 39 ya ada. Mbili zikiondoka mwaka mmoja, asilimia 13 ya ada imekwenda, na hiyo huenda ni mshahara wa mtu mzima. Kwa maoni yetu mwanachama au mdhamini mmoja asizidi asilimia 10 ya mapato yote. Akizidi hapo, sekretarieti huanza kumtazama usoni kabla ya kuandika msimamo wowote wa sera.

Ngazi zipangwe kwa idadi ya wafanyakazi, kwa sababu mapato ya kampuni binafsi hayaonekani na hakuna atakayekuonesha hesabu zake. Kipimo hicho kina kasoro yake: kampuni ya watu 12 inayouza programu inaweza kuingiza zaidi ya yenye watu 200 wanaopokea simu za wateja. Tena ada ikiruka ghafla kwenye mfanyakazi wa 50, utapata kampuni iliyobaki na wafanyakazi 49 miaka minne mfululizo. Iache ipande nusu mwaka wa kwanza na nusu iliyobaki mwaka wa pili.

Kura ni jambo jingine kabisa. Ada itofautiane, lakini kwenye mkutano mkuu mwanachama awe na kura moja, na viti vya bodi vigawanywe kwa ngazi. Bodi ya watu tisa yenye viti vitatu vya kila ngazi inatosha. Msiandike akidi ya nusu ya wanachama kwenye katiba. Kwa wanachama 120 mtahitaji 60 ukumbini, na mtaahirisha mkutano mpaka mchoke.

"Chama kisicho cha faida hakitakiwi kubaki na fedha"

Kisichoruhusiwa ni kuwagawia wanachama ziada. Kubaki nayo si kosa. Vyama vya namna hii Marekani huangukia kifungu cha 501(c)(6) cha sheria ya kodi, na sharti lake ni hilo: mapato yasimnufaishe mtu binafsi. Akiba ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi ndiyo inayowalipa watumishi mwaka ambao kongamano limefutwa na wadhamini wamerudisha ahadi zao mfukoni.

"Wanachama huondoka kwa sababu ada ni ghali"

Ndivyo wanavyoandika kwenye barua ya kujitoa, kwa kuwa ni sababu isiyohitaji maelezo. Fuatilia nyuma kidogo. Mara nyingi mtu mmoja ndiye aliyekuwa anahudhuria. Alipohama kampuni, barua pepe za chama zikaanza kurudi, na mwaka mzima hakuna mwingine aliyejua kwamba wao ni wanachama. Ankara ilipofika, mhasibu akauliza hiki ni nini, akakosa wa kumjibu.

Dawa ni kusajili majina matatu siku ya kujiunga: mwenye kuamua, mtu wa kiufundi na mtu wa fedha. Uliza mwaka wao wa fedha unaanza lini, kisha peleka taarifa ya kuhuisha siku 90 kabla, 60, halafu 30. Ankara inayofika wiki mbili baada ya bajeti kufungwa itakaa mezani hadi mwaka ujao. Na kama kampuni mpya haijagusa huduma hata moja ndani ya siku 90 za kwanza, mpigie simu mwenye kuamua. Usimtumie jarida la chama.

"Tukiwa wengi, punguzo litakuja lenyewe"

Muuzaji hapunguzi bei kwa sababu ya wingi wa majina. Anapunguza akiona kiasi kilichoahidiwa, gharama ndogo ya kutafuta wateja na uhakika wa kulipwa. Wanachama 300 wasiobanwa kununua ni orodha ya majina 300.

Chagua bidhaa moja, kwa mfano bima ya mashambulizi ya mtandaoni. Waombe wanachama matumizi yao ya miezi 12 iliyopita, yaende kwa sekretarieti tu. Chukua barua za ahadi zilizosainiwa, ndipo uitishe zabuni kwa kiasi cha jumla. Mkataba wa chama uweke masharti, lakini kila kampuni isaini na ilipe kivyake. Chama kisimdhamini mtu.

Si kila kitu kinanunulika hivi. Huduma za wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, huwa hazifai, kwani wakubwa wana mikataba bora kuliko ya chama na wachanga wanatumia salio la bure wanalopewa na watoa huduma. Cheti cha ISO 27001, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, hukatwa katikati: sehemu huchangika, sehemu haichangiki. Siku za ukaguzi hupangwa kwa ukubwa wa kampuni, hivyo hakuna namna ya kuzichanga, na cheti cha miaka mitatu kina ukaguzi wa ufuatiliaji kila mwaka. Kinachochangika ni maandalizi: mafunzo, violezo vya sera, na wakaguzi wa ndani wanaokaguana kampuni kwa kampuni wakiwa wamesaini mkataba wa kutunza siri. Anayewaandaa asiwe taasisi inayotoa cheti, kwa sababu hairuhusiwi kumshauri inayemkagua.

"Kamati ni ya kujitolea, haiwezi kuleta kesi"

Chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ASME, kilijifunza kinyume chake. Watu wa kujitolea kwenye kamati yake walihusika kutoa barua ya kufafanua kanuni za boila, nayo ikatumiwa sokoni kukipaka matope kifaa cha usalama cha mshindani. Mmoja wao alikuwa kiongozi wa kampuni iliyouza kifaa cha aina hiyohiyo. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ilisema chama kinawajibika, kwa sababu watu hao walionekana kusema kwa niaba yake, hata kama chama chenyewe hakikunufaika.

Kwa kikundi kazi kinachoandika viwango kuna hatari nyingine: hataza, yaani haki ya kisheria ya mmiliki wa uvumbuzi. Mwakilishi wa Dell, kampuni ya kompyuta, alithibitisha kwamba kampuni yake haikuwa na hataza inayogusa VL-bus, kiwango cha kuunganisha vifaa ndani ya kompyuta kilichoandikwa na VESA, chama cha viwango vya vifaa vya video. Kiwango kilipokwisha kuenea, kampuni ikadai haki. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Marekani ilifunga shauri hilo kwa makubaliano kwamba Dell isiitumie hataza hiyo dhidi ya wanaofuata kiwango.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza cha kikundi chochote: kila mjumbe atamke maslahi yake kwa maandishi na kuyahuisha kila mwaka, fomu ya hataza isainiwe na kampuni yenyewe badala ya mhandisi aliyetumwa, na barua yoyote inayotoka ipite mikononi mwa watu wawili wasiouza bidhaa inayozungumziwa. Karatasi yenye nembo ya chama ibaki sekretarieti. Wajumbe wasipewe hata nakala yake ya kompyuta.