Makohozi mazito na dawa za kuziba mlango wa sodiamu: maswali ya dukani

Nauza dawa Tandika. Juzi mteja kanipa simu yake nisome, ndugu yake aliyeko Marekani kamwandikia kuna dawa za kuvuta zinaziba sodiamu ndani ya mapafu, makohozi yanalainika, sasa yeye anataka nimuuzie. Nikamwambia dada, hiyo haijafika dukani, si hapa tu, hata huko kwa ndugu yako. Basi maswali yakaanza, na waliokuwa kwenye foleni nao wakadakia.

Kwani sodiamu na makohozi vinakutana wapi?

Unajua kachumbari? Ukitia chumvi mapema ukaiacha, ukirudi unakuta maji yamejaa chini ya bakuli, yaani chumvi imeyavuta kutoka kwenye nyanya na vitunguu. Chumvi ikienda, maji yanafuata. Sasa ndani ya njia za hewa kuna utando mwembamba wa maji, unene wake kama maikromita 7 hivi, na ndani yake kuna vijinywele vinavyopiga piga muda wote kusukuma ute wenye vumbi na vijidudu upande juu hadi kooni umeze au uteme. Seli za hapo zina vimilango vinavyonyonya sodiamu, wataalamu wanaviita ENaC. Vikinyonya sana maji yanaifuata sodiamu ndani, utando unakauka, vijinywele vinalala, ute unaganda kama gundi. Ukiviziba, chumvi inabaki nje na maji yanabaki nayo. Ndo wazo lote hilo, halina uchawi.

(Ile sindano ya ganzi ya daktari wa meno nayo inaziba chaneli (yaani milango) za sodiamu, ila zile ni za neva, familia nyingine kabisa, msichanganye.)

Ni ugonjwa gani hasa wanaoulenga?

Wa kwanza ni sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi, jeni yake iligunduliwa 1989, mtoto jasho lake linakuwa na chumvi kupita kiasi mpaka mama akimbusu anaionja, na mapafu yanajaa ute mzito. Mwaka 2004 watafiti walitoa habari za panya waliowaongezea nguvu hivyo vimilango tu, na panya wakapata ugonjwa wa mapafu unaofanana na huo. Hapo ndo watu wakasema ehee, kumbe mlango wenyewe unatosha kuleta balaa.

Sasa kama wazo ni rahisi hivyo, dawa iko wapi?

Hapa ndo penye kazi, na mimi naona ni somo zuri kwa wote tunaodhani kugundua dawa ni kupata kemikali inayofanya kazi halafu basi. Kemikali ipo tangu miaka ya 1960, inaitwa amiloraidi, tena 1990 walishachapisha jaribio la kuwavutisha wagonjwa. Shida yake mapafu yanaifyonza haraka mno, umevuta sasa hivi baada ya muda mfupi imeshaingia kwenye damu, utavuta mara ngapi kwa siku jamani? Kampuni ya Parion ya North Carolina ikatengeneza ndugu zake wenye nguvu zaidi na wanaokaa juu ya utando kwa muda mrefu. Sawa. Lakini figo nazo zina vimilango hivyohivyo! Dawa moja, GS-9411, walipowapa watu wazima wenye afya potasiamu ikapanda kwenye damu, maana mabaki ya dawa yalipita kwenye figo yakaziba na huko, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Boehringer Ingelheim ya Ujerumani nayo ilijaribu ya kwake kwa wagonjwa, ikasimamisha maana faida haikuonekana ya kutosha. Kwa hiyo kinachotafutwa ni dawa inayong'ang'ania kwenye mapafu na ikitoka iwe imeshakufa nguvu.

Si nimeze tu vidonge vya amiloraidi?

Hapana bwana. Hivyo ni vya presha na kuvimba miguu, vinafanya kazi kwenye figo, mapafuni havitakusaidia kitu, na ukichanganya na dawa nyingine za presha bila daktari kujua potasiamu inakupandia kimyakimya.

Na kuvuta maji ya chumvi?

Hiyo ni njia ya mlango wa nyuma: badala ya kuzuia chumvi isinyonywe unaiongeza. Australia waligundua wagonjwa wa sistiki faibrosisi wanaocheza na mawimbi baharini wana nafuu, wakajaribu maji ya chumvi ya asilimia 7 kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta), mwaka 2006 majibu yakatoka kwamba wagonjwa walizidiwa mara chache zaidi. Dripu ya kawaida ni asilimia 0.9, jipimie mwenyewe. Ila usikoroge chumvi ya jikoni ukavuta, yanaweza kubana kifua, hospitali wanakupa kwanza dawa ya kutanua njia za hewa.

Macho yangu yanakauka, nakaa ofisini Posta kwenye AC kutwa nzima, inanihusu?

Inakuhusu kidogo, maana jicho nalo lina vimilango hivyo na matone ya aina hii yamejaribiwa, ila kwa sasa nitakuuzia machozi ya bandia tu. Na wewe kaka uliyekohoa foleni nzima, kama ni wiki 2 sasa hilo si swali la sodiamu, kapime TB kituo cha afya, ni bure.