Programu ya bure haiharibu sauti yako

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanamuziki kuna ujumbe usiozeeka: programu ya bure hurekodi sauti "nyembamba", kwa hiyo nunua ya bei mbaya au tafuta iliyokrakiwa (iliyovunjwa kufuli la leseni).

Si kweli. Kinachogeuza sauti kuwa namba ni kadi ya sauti, si programu. Programu huzipokea na kuzihifadhi, na hata Audacity ya bure huhifadhi WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya biti 24, ubora wa studio, bila shida.

Hakiki mwenyewe. Ingiza faili moja ya WAV kwenye programu mbili, usiguse volyumu wala efekti, zima dither (kelele ndogo ambayo programu huongeza wakati wa kuhifadhi), kisha toa WAV zenye mipangilio ileile. Zipange pamoja ndani ya Audacity zianze kwa wakati uleule kabisa, moja uigeuze kwa amri ya Invert (hupindua wimbi juu chini, hivyo sauti zinazofanana hufutana), kisha zicheze pamoja. Ukisikia kimya kitupu, hazina tofauti.

Mkanganyiko unatoka wapi? Programu ghali huja na ala na efekti nzuri, na hizo kweli zina thamani yake. Pia sikio hudanganyika: kilicho juu kidogo kwa volyumu huonekana bora. Kasoro za chumba chenye mwangwi nazo husingiziwa programu.

Basi ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze, hasa wenye linki ya kraki, maana nyingi hubeba virusi. Mwenye Mac anaweza kutumia GarageBand bure. Reaper, programu nyingine ya kurekodi, hujaribiwa siku 60, na leseni yake ya punguzo ni dola 60. Pesa inayobaki, nunua maiki.