Je, wajua kwa nini ukibadilisha injini tu, gari nzima inaanza kudai?

Kila anayepita kwangu swali lake ni moja, hii gari itaisha lini. Mama mwenye nyumba anauliza, jirani anauliza, hadi kijana anayeleta maji anauliza, na mi jibu langu ni lile lile mwaka wa pili huu: bado kidogo. Gari yenyewe ni Toyota Mark II GX 100, iko nyuma ya nyumba kwenye banda la mabati huku Tabata, imekaa juu ya stendi, haina boneti, boneti iko chumbani kwangu nyuma ya mlango, na kuna kuku wa jirani ameshaamua sehemu ya tairi la spea ndo pa kutagia. Hesabu yangu ya mwanzo ilikuwa wiki tatu. Natoa injini ya zamani, naweka yenye turbo, nawasha, naondoka. Sasa swali la jirani na mama mwenye nyumba ni swali zuri kuliko wao wanavyodhani: kwa nini kubadilisha kitu kimoja kunageuka kubadilisha gari nzima?

GX 100 nyingi zilizokuja bongo zina 1G-FE, silinda sita, lita 2.0, na ile ya kabla ya VVT-i, yaani mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, inatoa nguvu ya farasi 140. Ni injini mtulivu, haikusumbui, ila haikusisimui pia. Sasa Toyota hao hao, kwenye bodi ile ile, walikuwa wanauza Tourer V, JZX 100, yenye 1JZ-GTE ya lita 2.5 na turbo moja, farasi 280. Hiyo 280 haijatokea tu, kampuni za Japani tangu mwishoni mwa miaka ya 80 zilikuwa na makubaliano yao ya chini chini kwamba gari ya kuuzwa kwao haitangazwi zaidi ya farasi 280, wakaja kuyaacha mwaka 2004. Kwa hiyo kijana yeyote mwenye GX anapiga hesabu hapo hapo, bodi moja, nguvu mara mbili, injini za mtumba zinashuka kila siku toka Japani na Dubai, unaenda Gerezani kwenye maduka ya spea unaulizia unaonyeshwa zimepangwa kama magunia ya mkaa, kwani shida iko wapi?

Shida ni kwamba kuingia siyo kukaa. Inaingia kweli, tena kwa raha, maana bodi ni ya ndugu mmoja. Ila injini haivuti gari peke yake, na vyote vilivyopangwa nyuma yake vilipimwa kwa ile ya zamani. Watengenezaji hawakuwekei gia boksi yenye uwezo mara tano ya unaohitajika, chuma ni hela na uzito ni mafuta, wanaweka inayotosha na chenji kidogo juu. Difu, ile ya kugawa nguvu kwa matairi ya nyuma, hivyo hivyo, rejeta hivyo hivyo, pampu ya mafuta, breki. Ile chenji kidogo ndo sisi wa mabandani tunaenda kuimaliza kwa siku moja.

Chukua toki, ile nguvu ya kuzungusha. 1G inatoa kama nyutoni mita 185, 1JZ ya VVT-i inatoa 378. Lakini hizo namba ni pale mwisho wa kranki tu, bado hazijapita kwenye gia. Gia boksi ya R154, ile ya manyuo, yaani ya kubadili gia kwa mkono, inayotafutwa na kila mtu mpaka bei yake imekuwa ya kukufuru, gia namba moja yake inazidisha mara 3.25, na difu tuseme inazidisha tena karibu mara 4. Piga 378 mara 3.25 mara 4 unapata kama 4,900 zinazofika kwenye matairi ya nyuma. Kwa hesabu hiyo hiyo 1G ingefikisha kama 2,400. Sasa meno ya difu, shafti za pembeni, joinzi za propela, ile shafti ndefu inayotoka gia boksi kwenda difu, vyote vimeamka asubuhi vimekuta kazi mara mbili na hakuna aliyewauliza. Ukiacha otomatiki ya 1G mle ndani inaweza kutembea kwa muda kidogo, halafu klachi zake za ndani zinaanza kuteleza, mafuta yanakuwa meusi na yananuka kitu kilichoungulia sufuriani, na hapo umeshajua.

Haya, umekubali kuweka manyuo. Manyuo inataka pedali ya klachi, pedali inataka masta silinda, masta silinda inataka tundu kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na fito ya gia nayo inataka tundu lake hapo katikati. Gia boksi mpya urefu wake siyo ule wa zamani, kwa hiyo propela inakatwa au inaungwa. Na propela siyo bomba la maji, jamani. Ukiwa gia ya nne, ambayo kwenye R154 ni moja kwa moja, injini ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika basi propela inazunguka mara 50 kwa sekunde moja, ukichomelea vibaya uzito ukaegemea upande mmoja kwa gramu chache tu, gari inakutetemesha mpaka meno. Ndo maana inapelekwa kwa mwenye mashine ya kubalansi, haichomelewi tu pale kwa fundi wa mageti.

Joto ndo linalosahaulika kuliko yote, labda kwa sababu halionekani. Mafuta unayochoma kwenye injini, kwa makadirio ya mkono, theluthi moja ndo inakuwa mwendo, theluthi inatokea ekzosi na theluthi inaingia kwenye maji ya rejeta. Maana yake ukidai farasi mara mbili, na rejeta inadaiwa kutupa joto karibu mara mbili, na yenyewe ni ile ile ya GX ya kwendea kanisani. Halafu kuna turbo. Turbo inakandamiza hewa, na hewa ikikandamizwa inapata moto, ushawahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kupiga upepo mwingi unaelewa. Hewa ya Dar ya nyuzi 32 ukiisukuma kwenye presha kama ya 0.7 baa inatoka kwenye turbo imeshapita nyuzi 100. Kwa hiyo kunakuwa na intakula ya kuipoza kabla haijaingia kwenye injini, na wengi tunaipachika mbele kabisa maana inapendeza, mbele ya rejeta! Yaani rejeta imeongezewa kazi halafu inavutishwa hewa ambayo mwenzake ameshaipasha moto. Foleni ya Buguruni saa tisa mchana hapo utasali dini zote.

Mafuta nayo. Hewa nyingi bila mafuta ya kutosha kwenye injini ya turbo ni kifo. Petroli inaungua kikamilifu kwenye kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, ila turbo ikiwa inasukuma inatakiwa mafuta mengi zaidi ya hapo, kwenye 11.5 mpaka 12 hivi, kwa sababu yale ya ziada yanapoza chumba. Pampu ya 1G haikununuliwa kwa kazi hiyo. Ikizidiwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, mafuta yanalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia, unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo, na ukiuvumilia mlio huo dakika chache pistoni inatoboka. Watu wanasema injini ya mtumba ilikuwa mbovu, imenoki. Mara nyingine haikuwa mbovu, ilikufa na njaa.

Sasa nije kwenye waya, maana hapa ndo miezi yangu mingi imelala. Kontroli boksi ya 1JZ, yaani kompyuta ya injini, inategemea kupewa taarifa na sensa kibao, joto la maji, hewa inayoingia, spidi ya gari, na ilizoea kuzipata kwenye gari yake ya kwanza huko Japani. Ukiileta kwenye GX baadhi ya hizo taarifa zinakuja kwenye soketi nyingine au haziji kabisa. Mi wakati natoa waringi ya zamani nilikuwa najiona mtu wa mpangilio, kila soketi nilibandika maskingi tepu nikaandika na kalamu, hii ya sensa gani, hii inaenda wapi. Nikaweka kwenye kiroba bandani. Bati la Dar unalijua mwezi wa kwanza. Niliporudi gundi imeyeyuka, vikaratasi vyote viko chini ya kiroba na soketi zote ziko uchi. Zilinichukua wikendi tano, mita mkononi, pini moja moja.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumapili jioni, watu wamejaa, mpaka yule wa maji kaegesha mkokoteni. Nikapiga ufunguo. Tik. Taa za dashibodi zikafifia, basi. Nikabadilisha betri, tik. Nikaitoa stata nikaijaribu chini kwa nyaya za betri, ikazunguka vizuri tu kama inanicheka. Nikarudisha, tik. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa heshima. Kesho yake fundi umeme alikuja mikono mitupu, akaniambia kaka naomba waya wa kujampia, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma cha injini penyewe, akasema piga. Ikazunguka.

Hebu elewa kilichotokea, maana ni kitu kidogo ambacho kinawatesa wengi. Injini haijashikana na bodi chuma kwa chuma, imekalia mauntingi za mpira ili mtetemo usikufikie, na mpira haupitishi umeme. Stata inavuta zaidi ya ampia 100, na umeme huo ukishaingia lazima upate njia ya kurudi kwenye betri, njia yenyewe ni utepe wa waya wa kusukwa, upana wa kidole, unaounganisha injini na bodi. Ndo unaitwa athi. Wa kwangu ulikuwa kwenye kopo la nati tangu siku natoa injini ya zamani. Umeme ulipokosa utepe ukatafuta vichochoro, ukapita kwenye kebo ya aksileta, tukaikuta plastiki yake imelainika kama pipi. Fundi akanitazama tu. Hakunidai hata hela ya maana.

Breki nitaipitia haraka lakini usiipite haraka wewe. Nguvu inayotakiwa kuzimwa na breki haipandi sawa na spidi, inapanda kwa spidi mara spidi. Toka 80 kwenda 120 spidi imeongezeka nusu tu, ila joto breki inalotakiwa kulimeza limeongezeka mara mbili na robo. Kwa hiyo disiki kubwa. Disiki kubwa haziingii kwenye rimu ndogo, kwa hiyo rimu. Rimu kubwa zinataka tairi za wasifu mwembamba, tairi nyembamba zinakuletea kila shimo la barabarani mgongoni, kwa hiyo unaanza kuwaza shokapu... Unaona mwenyewe. Na ukishamaliza yote hayo, kadi ya gari bado ina namba ya injini ya zamani, TRA, mamlaka ya mapato, lazima wajue umebadilisha, bima nao, la sivyo siku ya ajali au ya kuuza ndo utajua umejenga gari ambayo kwenye karatasi haipo.

Kiwandani haya yote walishayabishania mezani kabla chuma hakijakatwa, wana michoro, wana mashine. Bandani unayagundua moja moja ukiwa umelala chali, kwa mpangilio ambao pesa imepatikana siyo ambao kazi inautaka. Na hapo kwenye kulala chali, tafadhali, jeki ni ya kunyanyulia tu. Ndani yake mafuta yanazuiwa na ringi ya mpira, ikivuja kidogo gari inashuka polepole au ghafla, haikupigii honi. Ushushie kwenye stendi, na kama chini ni mchanga kama kwangu weka kipande cha ubao mgumu au bati nene chini ya kila stendi, la sivyo mguu wa stendi unazama upande mmoja na gari inainama kukuangalia.

Jeki yenyewe ndo imenirudisha nyuma safari hii. Propela ulimi wake wa mbele unaingia ndani ya gia boksi na unateleza, unatakiwa uingie vya kutosha lakini usigonge mwisho, kwa hiyo kipimo kinachukuliwa gia boksi ikiwa imefungwa mahali pake kabisa. Mi nilipima gia boksi ikiwa bado imebebwa na jeki, krosimemba, ile chuma inayoibeba kwenye bodi, haijafungwa, nikaona si ni pale pale. Propela imetoka kwa fundi Jumatano, imebalansiwa safi, imepigwa rangi nyeusi inang'aa, nimeipachika jana jioni. Ni fupi sentimita tatu.

Na kuku amelalia mayai saba, kwa hiyo hata buti siwezi kuligusa mpaka mwezi ujao.