Fokasi haijaondolewa, imefichwa

Mwezi huu nimeisikia mara tatu: "Tumeondoa fokasi, ilikuwa inaharibu sura ya fomu." Wa mwisho kuisema ni mbunifu hodari wa tovuti, na fomu yake kweli inapendeza. Ila fokasi bado imo.

Fokasi ni hali ya kitu kimoja kwenye skrini, kiwe kitufe, kiungo au kisanduku cha kuandikia, kuwa ndicho kitakachopokea unachobonyeza kwenye kibodi. Ukibonyeza Tab inahamia mbele, ukishika Shift ukabonyeza Tab inarudi nyuma. Ule mstari unaokizunguka kitufe ni alama yake.

Neno lenyewe lina asili nzuri. Kwa Kilatini focus ni meko, pale moto wa nyumba ulipokaa. Mwaka 1604 Johannes Kepler, akiandika kuhusu elimu ya mwanga, alilitumia kuita nukta fulani za mikato ya koni, yaani mikunjo kama duaradufu, na hadi leo tunaita hivyo mahali ambapo miale hukutana. Shika lenzi juani juu ya karatasi: mwanga unajikusanya kwenye kidoa kimoja, kisha karatasi inaanza kufuka moshi. Kwenye fomu nako, kila kibonyezo kinaangukia mahali pamoja. Na moto ukiufunika kwa majivu, mkono utaungua vilevile.

Anayeandika outline: none, msimbo wa kuuondoa ule mstari, anamwaga majivu tu. Niliwahi kukaa na mama mmoja ambaye mkono wake unatetemeka, kipanya hakishikiki. Alikuwa anajaza maombi kwenye tovuti ya ofisi moja. Kajaza visanduku vyote kwa subira, kabonyeza Tab mara mbili, tatu, hakuna kinachobadilika machoni pake. Akabonyeza Enter akidhani yuko kwenye "Tuma". Alikuwa kwenye "Futa yote". Ukurasa mzima ukawa mweupe, naye akaniuliza, "Nimekosea wapi, mwanangu?" Hakukosea popote.

Wengine hudhani alama hii ni ya wasioona. Asiyeona husomewa na kisoma skrini mahali alipo. Mwenye kuihitaji zaidi ni anayeona lakini hawezi kutumia kipanya. Wala fokasi si mshale wa kipanya: mshale unaweza kuwa juu ya kitufe kimoja na fokasi iko kingine kabisa, kwa hiyo kubadili rangi mshale unapopita hakumsaidii mtu wa kibodi.

Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unadai fokasi ionekane tangu 2008, kigezo 2.4.7, ngazi ya AA, ya kati katika ngazi tatu. Toleo la 2.2 la Oktoba 2023 likaongeza kwamba kitu chenye fokasi kisifunikwe chote, kwa mfano na bango lililoganda chini ya ukurasa. Kwa ngazi ya AAA, ya juu kabisa, likataja hata kipimo: eneo lisilopungua mstari wa pikseli 2 kuzunguka kitu, na tofauti ya mwangaza ya 3:1 kati ya kuwa na fokasi na kutokuwa nayo.

Najua kinachowakera wabunifu: mtu kabofya kitufe kwa kipanya, mstari unabaki. Kwa hilo ipo :focus-visible, msimbo mwingine: kivinjari kinauonyesha mstari kwa wa kibodi na kumwacha aliyebofya.

Kwa hiyo kikaoni, ndugu yangu, tuseme "tumeficha alama ya fokasi", maana ndicho kilichofanyika. Na kama tatizo lilikuwa ile rangi ya bluu ya mstari, weka rangi ya nembo yenu, mradi ionekane.