Antonio López hanakili picha za kamera

Imesambazwa tena mtandaoni: ile Gran Vía tupu, mchoro wa Mhispania Antonio López unaoonyesha barabara ya Madrid alfajiri, na chini yake maneno yaleyale, "Hutaamini, hii si kamera, ni mkono wa mtu!" Watu wanashangaa, wanaisambaza, basi. Nafundisha kuchora. Wanafunzi wananijia na sifa hiyo mdomoni na wanaiamini, kwamba kilele cha uchoraji ni kushindana na simu. Nimelieleza darasani hadi sauti imekauka. Sasa naliandika.

Antonio López García aliianza Gran Vía mwaka 1974 akaimaliza 1981. Ni rangi ya mafuta juu ya ubao ambao hata mita moja kila upande haufiki. Hakukaa studio na picha mkononi. Alisimama mtaani na ubao wake, asubuhi za kiangazi jua linapochomoza, na saa inayoonekana ndani ya mchoro inasema 6:30, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nuru ile haidumu. Vivuli vikihama anafunga vifaa, anarudi kesho, na kiangazi kikiisha anangoja mwaka ujao. Kwa hiyo unachokiona ni asubuhi nyingi za miaka saba zilizowekwa ndani ya nusu saa moja ya mwanga. Asubuhi hiyo haikuwahi kutokea. Hakuna kamera ingeweza kuipiga, kwa sababu haikuwepo.

Wapo wachoraji waliotumia picha za kamera waziwazi, na sina ugomvi nao. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, Richard Estes alifanya kazi kutokana na picha alizopiga mwenyewe, na Chuck Close aliigawa picha kwa gridi na kuihamisha mraba kwa mraba. Kwao picha yenyewe ndiyo iliyokuwa mada. Kumtia López kwenye kapu hilo ni kutosoma kazi yake, na pia ni kutosoma kazi yao.

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo panaponiudhi zaidi. Tafuta Lavabo y espejo, ya 1967, iliyo katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Ni sinki la kunawia, juu yake rafu ya kioo yenye vitu vya bafuni, na juu zaidi kioo cha kujitazamia. Watu husema, "kama picha kabisa." Haya, fuata mistari ya vigae kwa kidole. Sinki umelitazama kutoka juu, kama mtu aliyeinamisha kichwa anawe. Kioo umekitazama kwa kunyooka, macho mbele. Katikati kuna ukanda ambapo mitazamo hiyo miwili inakutana, na López hakujaribu kuuficha. Vigae vya chini vinakimbia kwa mwelekeo mmoja, vya juu kwa mwingine. Lenzi moja iliyosimama mahali pamoja haiwezi kukupa hivyo. Mwili unaweza: shingo inainama, shingo inainuka, na kichwani bafu linabaki moja.

Halafu kitazame kioo. Mtu amesimama mbele yake, vinginevyo nani aliyeona? Lakini ndani yake hakuna uso. Hilo si kosa la fundi, huwezi kukosea jambo kubwa hivyo huku vigae umevipima kimoja kimoja. Aliamua. Mimi huwa nasoma uamuzi huo hivi: angeweka uso, mchoro ungekuwa picha ya Antonio López akiwa bafuni, na kila jicho lingekwenda usoni kwanza. Bila uso, anayesimama pale ni wewe. Wenzangu wengine wanaona nalazimisha maana. Huenda, ila hakuna aliyenipa maelezo bora.

Njia yake ya kupima nayo watu huielewa kinyume. Wakisikia anapima, wanadhani anatafuta usahihi wa mashine. Filamu ya Víctor Erice ya 1992, El sol del membrillo, inaonyesha kazi yenyewe. Ni vuli ya 1990, uani kwake Madrid, na López anataka kuchora kwa rangi mti wa membrillo, tunda la manjano jamaa ya tufaha na pea. Anapigilia misumari ardhini ili nyayo zake zirudi palepale kila siku. Anatundika timazi, ileile ya fundi mwashi. Kisha anatia alama ndogo za rangi nyeupe juu ya majani na matunda yenyewe, ili ajue kila kimoja kiko wapi.

Sasa subiri. Matunda yanaiva, yanakuwa mazito, matawi yanashuka, na alama zinashuka nazo. Anatia alama mpya. Mvua inakuja, anajenga kibanda cha plastiki juu ya mti. Jua analolitaka halitulii. Mwishowe turubai ya rangi ya mafuta anaiacha, anaanza upya kwa penseli, na mchoro wa penseli nao unakatishwa na majira, matunda yanaanguka. Kamera ingemaliza kazi asubuhi ya kwanza. Yeye alikuwa anafuatilia mti unaoendelea kuishi, na vipimo ndivyo vilivyomwonyesha kila siku kwamba mti wa jana haupo tena. Mwanafunzi anayesema "angepiga picha tu aepuke usumbufu" anataka kumwondolea kazi yenyewe.

Ya maisha nitayapitia haraka. Amezaliwa Tomelloso, La Mancha, Januari 1936. Mjomba wake Antonio López Torres, mchoraji, ndiye aliyemfungua macho. Mwaka 1949 akapelekwa Madrid angali kijana mdogo, akasoma Chuo cha San Fernando. Mwaka 1961 alimwoa María Moreno, mchoraji wa nguvu aliyefariki 2020, ambaye pia ndiye aliyeitayarisha filamu ile ya Erice, na anayestahili makala yake mwenyewe.

Uchongaji wake unauvunja uvumi wa kamera kabisa, lakini hausambazwi. Hombre y mujer, mwanamume na mwanamke watupu waliochongwa kwa mbao na kupakwa rangi, inayo tarehe 1968 hadi 1994. Miaka 26. Si sanamu ya watu wawili fulani, ni miili iliyokusanywa kutoka kwa watu mbalimbali. Na penye kituo cha treni cha Atocha, Madrid, viko vichwa viwili vikubwa vya mtoto mchanga, vya bronzi, vilivyowekwa 2008, kimoja macho wazi, kingine macho yamefumba: Mchana na Usiku. Hombre y mujer nina mashaka nayo. Kuna siku naiona kazi kuu, na kuna siku naona miaka 26 imewachosha wale wawili, wamesahihishwa hadi wakakosa pa kuweka uzito wa miguu.

Na kuna kazi moja ambayo mtu anaweza kunipiga nayo, kwa hiyo niitaje mwenyewe. Mchoro wa familia ya Mfalme Juan Carlos wa Kwanza wa Hispania ulianza miaka ya 1990 ukazinduliwa Desemba 2014, miezi michache baada ya mfalme kung'atuka. Mle ndani Felipe, mwana wa mfalme, bado ni kijana; siku ya uzinduzi alikuwa ndiye mfalme. Watu wa ikulu hawawezi kusimamishwa kama mti wa membrillo, na hapo López alitegemea picha za kamera. Mimi naona imeonekana. Watu watano wako karibu, lakini kila mmoja amesimama kwenye siku yake, na alihangaika miaka 20 akiwasogeza na kuwapaka tena bila hewa kupita kati yao.

Na bado ukuta mtupu ulio nyuma yao, na mwanga ulioangukia pale, ni López mwenyewe. Kwa hiyo siwezi kudai kamera iliiua kazi nzima. Ninachodai ni hiki: anayetaka kujadili López na kamera aje na familia ya mfalme, tutabishana hadi usiku. Gran Vía aiache.