Je, Wajua Kwa Nini Soksi za Kubana Hukaza Zaidi Kifundoni?

Soksi ya kubana iliyotengenezwa vizuri haibani mguu mzima sawasawa. Kifundoni inakaza hasa, kwenye shavu la mguu inapunguza, na karibu na goti inalegea zaidi. Wapo wanaodhani ni kasoro ya kiwandani, kumbe hapo ndipo ilipo kazi yake.

Damu ya miguuni lazima ipande kurudi moyoni. Kila tunapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu huiminya mishipa ya vena na kuisukuma damu juu, na vali ndogo ndani ya mishipa hiyo huizuia isirudi chini. Ukisimama wima bila kusogea, shinikizo ndani ya vena za kifundoni hufika kama milimita 80 hadi 100 za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu. Ukitembea, na vali zako ni nzima, linaweza kushuka chini ya 30. Ndiyo maana kusimama palepale kutwa nzima, kama afanyavyo kinyozi au mlinzi wa getini, kunaichosha sana miguu. Vali zikidhoofika damu hutuama, maji huvujia kwenye nyama, na mguu huvimba kuanzia chini.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa soksi ni Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Toledo, Marekani. Yeye mwenyewe aliugua vena, na aligundua kwamba akisimama ndani ya bwawa la kuogelea maumivu yanatulia. Maji hukandamiza zaidi kadiri kina kinavyoongezeka, kwa hiyo nyayo na vifundo ndivyo vilivyobanwa kuliko sehemu nyingine. Karibu mwaka 1950 akaanza kutengeneza soksi zinazoiga mkandamizo huo.

Kwa hiyo unaponunua, tafuta namba ya milimita za zebaki kwenye boksi, usiridhike na maneno “daraja la 2”. Daraja la 2 la Ujerumani ni 23 hadi 32, la Uingereza ni 18 hadi 24, na madukani kwetu zinaweza kuwepo zote mbili. Kwa uchovu wa kusimama au safari ndefu ya ndege, 15 hadi 20 huwatosha wengi. Kuanzia 20 kwenda juu, muone daktari kwanza. Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au ateri za miguu (mishipa inayoleta damu miguuni) zilizoziba asizivae kabla ya kupimwa, kwa sababu mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaweza kuoza. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hapo si suala la soksi tena: nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda damu imeganda ndani.

Pima asubuhi, kabla mguu haujavimba. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha juu kidogo ya kifundo palipo pembamba, kisha kwenye shavu palipo panene, halafu pima urefu kutoka sakafuni hadi mkunjo wa goti. Namba ya kiatu pekee haitoshi.

Ivae mara tu unapoamka, ivue unapolala. Glavu za mpira za kuoshea vyombo husaidia sana kuivuta bila kuitoboa kwa kucha. Isikunjwe juu! Mkunjo mmoja chini ya goti hubana mara mbili, na damu hukwama palepale ilipotakiwa kupita.

Mafuta ya mgando, ambayo wengi wetu hujipaka kila asubuhi, hulegeza nyuzi za mpira, yapake usiku. Fua kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila dawa ya kung'arisha. Usiikamue kwa kuisokota, ikandamize ndani ya taulo kisha uianike kivulini, maana jua kali huua mpira. Ukiwa na jozi mbili za kupokezana, kila moja hupata siku ya kukauka vizuri. Hata hivyo baada ya miezi 3 hadi 6 mvutano hupungua, na soksi inayoingia mguuni bila kazi yoyote imeshakwisha, hata kama haina tundu.