Serikali ya Marekani ikifungwa, mimi nahesabu maseneta

Kila Marekani inapofunga serikali, wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, serikali inafungwaje, kwani ni duka?"

Huwa naanzia nyumbani. Tanzania, Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja. Kila mbunge analijua hilo, na bajeti inapita. Kenya nako, sheria ya matumizi ikichelewa kusainiwa, Ibara ya 222 inaliruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha fedha hadi nusu ya makadirio ili kazi ziendelee. Marekani haina upenyo wa namna hiyo. Rais hana uwezo wa kulivunja Bunge. Halafu mwaka 1980 na 1981 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti aliitafsiri kwa ukali sheria ya karne ya 19 inayokataza idara kutumia fedha ambazo hazijapitishwa: fedha zikikwama, shughuli zisimame, isipokuwa zile za kulinda maisha na mali. Kabla ya hapo fedha zikichelewa, ofisi zilibana matumizi na kuendelea na kazi.

Ongeza namba moja, 60. Seneti ina viti 100, lakini muswada wa matumizi kwa kawaida unahitaji kura 60 ili mjadala ufungwe na upigiwe kura. Chama tawala chenye viti 53 bado kinawahitaji wapinzani saba. Vurugu zote zinaanzia hapo.

Vyombo vya habari hukimbilia mikutano ya Ikulu: nani kaingia, nani katoka kanuna. Mimi mikutano hiyo siitilii maanani sana. Ninachofuatilia ni nani ndani ya chama kinachogoma anaanza kuchoka, maana wakuu wa vyama karibu kamwe hawakubaliani wakiwa wameketi meza moja. Suluhu huletwa na wachache wanaotoka kwenye mstari.

Chukua mwaka 2018. Tarehe 11 Desemba, mbele ya kamera, Rais Donald Trump aliwaambia Nancy Pelosi na Chuck Schumer, viongozi wa Wademocrat bungeni, kwamba ataona fahari kufunga serikali kwa ajili ya usalama wa mpaka, na kwamba lawama atazibeba yeye. Kimkakati lilikuwa kosa kubwa. Katika mchezo huu kila upande hutumia nguvu zake nyingi kumtupia mwenzake lawama, yeye akazipokea bure. Alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani. Watumishi wapatao 800,000 wakakosa mishahara. Tarehe 24 Januari 2019 maseneta sita wa Republican, chama cha Trump mwenyewe, waliuunga mkono muswada wa Wademocrat. Haukupita, ila ufa ulishaonekana. Kesho yake waongozaji wa ndege hawakutosha, safari za kuingia uwanja wa LaGuardia, New York, zikasitishwa kwa muda, na mchana wa siku hiyo hiyo Trump akakubali kufungua serikali bila hata senti ya ukuta. Zilikuwa zimepita siku 35 tangu serikali ifungwe. Februari Bunge lilimpa bilioni 1.375, akatangaza hali ya dharura atafute nyingine kwingine.

Mwaka 2025 zamu iliwageukia Wademocrat. Machi, Schumer alikuwa amesaidia muswada wa Republican upite ili serikali isifungwe, na wafuasi wa chama chake wakamshukia kama mwewe. Oktoba hakuthubutu tena. Wademocrat wakagoma na serikali ikafungwa, wakidai nafuu ya bima ya afya iliyokuwa ikiisha mwisho wa mwaka iongezwe. Siku zikapita. Novemba mosi msaada wa chakula unaotegemewa na watu wapatao milioni 42 ukakwama, kisha safari za ndege zikaanza kupunguzwa katika viwanja 40.

Tarehe 9 Novemba maseneta wanane wa upande wa Wademocrat wakavuka, kura zikafika 60 kwa 40, maana Mrepublican mmoja naye alikataa. Majina yao ndiyo yanayosimulia kisa. Dick Durbin na Jeanne Shaheen walikuwa wanastaafu. Tim Kaine anatoka Virginia, jimbo lililojaa watumishi wa serikali kuu. Yeye alitaka waliopunguzwa kazi serikali ikiwa imefungwa warudishwe, na akapata. Na katika wote wanane, hakuna hata mmoja aliyekuwa na uchaguzi mwaka 2026. Sidhani kama hiyo ilikuwa bahati tu. Aliyekaribia kurudi kwa wapiga kura angewezaje kuvuka wakati siku tano tu kabla chama chake kilikuwa kimeshinda ugavana wa Virginia na New Jersey, na mashabiki wanapiga kelele za kukaza kamba?

Schumer mwenyewe alipiga kura ya hapana. Wapo waliomwita dhaifu kwa kushindwa kuwazuia watu wake. Mimi nakisoma kisa hiki tofauti kidogo: kura ya hapana ilimgharimu kidogo sana, maana wanane walikuwa wameshatosha.

Serikali ilifunguliwa tarehe 12 Novemba, baada ya siku 43, muda mrefu kuliko wowote hadi wakati huo. Kuhusu bima ya afya, Wademocrat waliondoka na ahadi ya kupigiwa kura muswada wao Desemba. Kura ikapigwa kama ilivyoahidiwa, na 60 hazikufika.